Wafuasi si mshahara

Kijana wa Moshi akifikisha wafuasi elfu kumi mtandaoni, kijiweni wanaanza kumwita bosi na kumdai soda. Wanadhani kila mfuasi analeta hela. Wapi! YouTube hugawana mapato ya matangazo na chaneli iliyofikisha waliojiunga 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Mwenye chaneli hupata asilimia 55 kwenye video ndefu, na malipo hayatoki mpaka yafike dola 100. Tena mtazamaji wa Marekani huingiza zaidi kuliko wa Majengo, kwa kuwa watangazaji wa kule hulipa zaidi. Ningekuwa na wafuasi mia tano wanaonunua safari za kwenda maporomoko ya Materuni au kahawa yangu, hao elfu kumi wa kucheka tu ningekuachia.