Kipimo kimesema huna: dhana potofu kuhusu kupima virusi

Ukisikiliza mazungumzo kwenye benchi la kusubiria majibu, utadhani maabara inaiangalia damu na kusoma kila kilichomo. Haiko hivyo. Kila kipimo hutafuta kitu kimoja au viwili, na kisipovikuta husema hasi. Kuhusu mengine yote, kipimo hakijasema lolote.

“Waliitazama damu yangu kwenye hadubini, hawakuona kirusi.”

Wasingeweza kukiona. Hadubini ya kawaida hutumia mwanga, na vitu vidogo kuliko nanomita 200 hivi huipita (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Kirusi cha UKIMWI kina upana wa nanomita kama 100, cha polio ni kama 30. Vimelea vya malaria huonekana, bakteria wa kifua kikuu huonekana, lakini virusi karibu vyote vinahitaji hadubini ya elektroni, ambayo si chombo cha kupimia wagonjwa wa kila siku. Kwa hiyo maabara hutafuta alama zake: kipande cha protini ya kirusi, yaani antijeni, vinasaba vyake, au kingamwili ambazo mwili umezitengeneza kukabiliana nacho. Alama hizi tatu hazijitokezi siku moja, na hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa.

“Nimepima wiki moja baada ya tukio, sina. Basi niko salama.”

Hii ndiyo dhana ninayoiona kuwa na hatari kuliko nyingine zote, kwa sababu mtu huondoka na furaha isiyo na msingi. Chukua VVU. Kipimo cha vinasaba kwa kawaida huanza kukiona kirusi kati ya siku 10 na 33 baada ya maambukizi. Kipimo cha maabara kinachotafuta antijeni na kingamwili kwa pamoja, kwa damu ya mshipani, huchukua siku 18 hadi 45. Vile vya haraka vinavyotafuta kingamwili peke yake huchukua siku 23 hadi 90. Aliyepima siku ya 7 ameambiwa hali yake ilivyokuwa kabla ya tukio, basi. Kipimo kilekile, kwa mtu yuleyule, kinaweza kutoa hasi leo na chanya baada ya mwezi, na mara zote mbili kikawa kimefanya kazi yake sawasawa. Ndiyo maana mshauri anayejua kazi yake huuliza tarehe kabla ya kukuchoma kidole. Ikiwa saa 72 hazijapita tangu tukio, kinachohitajika haraka ni kuuliza kuhusu dawa za kuzuia maambukizi. Usikae ukisubiri kipimo cha mwezi ujao.

Magonjwa mengine nayo yana kalenda yake. Kwa homa ya dengi, siku za kwanza hutafutwa vinasaba au antijeni iitwayo NS1; kingamwili za IgM, yaani zile za mwanzo ambazo mwili hutengeneza, huanza kuonekana mnamo siku ya 5 ya homa. Mtoto mwenye surua akipimwa IgM ndani ya siku 3 za kwanza za vipele, anaweza kutoka hasi na surua anayo.

“Kingamwili zimeonekana, kwa hiyo ninaumwa.”

Inategemea ni kingamwili za nini. Kwa homa ya ini C, kingamwili hubaki hata baada ya mtu kupona, awe amepona kwa dawa au mwili wenyewe umekifukuza kirusi. Bila kupima vinasaba huwezi kujua kama ugonjwa bado upo.

Homa ya ini B ndiyo inayowachanganya watu zaidi, kwa sababu karatasi ya majibu huja na mistari kadhaa. HBsAg ni protini ya ganda la kirusi, anti-HBs ni kingamwili dhidi ya protini hiyo, na anti-HBc ni kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi. Soma hivi: HBsAg hasi, anti-HBc hasi, anti-HBs chanya, huyo kwa kawaida kinga yake imetokana na chanjo. HBsAg hasi huku anti-HBc na anti-HBs zote ni chanya, huyo aliwahi kuugua akapona. HBsAg ikibaki chanya zaidi ya miezi 6, hayo ni maambukizi sugu. Yaani neno “chanya” kwenye mstari mmoja ni habari njema, na kwenye mwingine ni mwanzo wa kliniki. Halafu kuna mtego mdogo: aliyechanjwa majuzi anaweza kukutwa na HBsAg kwa muda mfupi, hadi siku 18, kwa sababu chanjo yenyewe imetengenezwa kwa protini hiyo.

Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hubeba kingamwili za mama, pengine hadi miezi 18. Kumpima kwa kipimo cha kingamwili ni kumpima mama. Ndiyo sababu hutolewa matone ya damu kisiginoni, yakakaushwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa kutafutwa vinasaba vya kirusi.

“PCR ikiwa chanya, bado ninaambukiza wengine.”

Si lazima. PCR ni kipimo cha vinasaba, na huvirudufu mzunguko baada ya mzunguko. Mizunguko 10 huzidisha kama mara elfu moja. Haitofautishi kirusi kizima na mabaki yake. Wengi waliougua UVIKO-19 waliendelea kutoka chanya kwa wiki kadhaa baada ya kupata nafuu. Upande wa pili, kijiti kilichogusa mlango wa pua tu kinaweza kumpa mgonjwa jibu la hasi, hata mashine iwe ya kisasa namna gani.

“Virusi havionekani tena, nimepona UKIMWI.”

Vimefifishwa na dawa, vingine vimejificha ndani ya chembe nyeupe za kinga ziitwazo CD4. Ukiacha dawa hurudi, mara nyingi ndani ya wiki chache. Lakini upande wa pili ni kweli tupu: anayetumia dawa vizuri na virusi vyake vikabaki havionekani, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana.

“Chembe nyeupe zimeshuka, daktari amethibitisha ni virusi.”

Hesabu ya chembe za damu hudokeza tu. Haitaji jina la kirusi.

“Nimeumwa na mbwa, nipimwe kwanza kama nina kichaa chake.”

Hakuna kipimo kinachoweza kugundua kirusi hicho kwa mtu kabla dalili hazijaanza, na zikishaanza, karibu wote hufariki. Hata kwa mwenye dalili, sampuli moja ya mate ikitoka hasi haitoshi kuondoa shaka. Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kachanjwe siku hiyohiyo.