Je, wajua kwa nini rimu yenye matundu sawa inaweza kulikataa gari lako?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba rimu ikiingia kwenye boliti za gari, basi ni ya gari hilo. Kwa imani hiyo nilikwenda barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wa Nairobi wangali wanaiita Grogan, nikainunulia pikapu yangu kuukuu ya Hilux rimu pana za mtumba. Matundu sita yalioana na boliti sita, nati zikakazwa, na gari likasimama limetanua miguu, likapendeza. Baada ya majuma machache usukani ulianza kunipokonya mikono kila gurudumu moja la mbele lilipotumbukia shimoni.

Kuoana kwa matundu huthibitisha idadi ya boliti na kipenyo cha duara ambalo zimepangwa tu. Toyota Hilux, Nissan Patrol, Mitsubishi L200 na Isuzu D-Max ni mahasimu sokoni, lakini zote zimetumia matundu sita kwenye duara la milimita 139.7, kipimo ambacho, ajabu kwa magari ya Kijapani, ni inchi 5.5 kamili. Duara hilo halisemi lolote kuhusu gurudumu litakaa ndani au nje kiasi gani. Hilo huamuliwa na ofseti, yaani umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wake unaogusa habu, kile kitovu cha gari ambacho gurudumu hufungwa. Aghalabu hupigwa chapa kwenye rimu kwa herufi ET na tarakimu za milimita. Ofseti chanya huliingiza gurudumu ndani, hasi hulitoa nje.

Tuseme rimu ya awali ina upana wa inchi 7 na ofseti ya chanya 10, na mpya ina inchi 8 na hasi 20. Ukingo wa nje utatoka takriban milimita 43, wala si 30, kwa kuwa nusu ya inchi iliyoongezeka nayo huelekea nje. Ni kweli kwamba magurudumu ya kushoto na kulia yataachana kwa milimita 60 zaidi, na gari litatulia zaidi kwenye kona. Hapo ndipo wengi wetu tuliishia kufikiri.

Habu ya mbele ya magari mengi ya aina hii huzunguka juu ya beringi mbili, kubwa ya ndani na ndogo ya nje. Fikiria watu wawili waliobeba mzigo kwa mpiko, mmoja ana nguvu na mwenzake ni dhaifu, na mzigo umetungikwa karibu na mwenye nguvu. Ukiusogeza kumwelekea mnyonge, hautaongezeka uzito hata gramu moja, lakini bega lake ndilo litakaloumia. Kulitoa gurudumu nje ni kuusogeza mzigo huo, ingawa grisi chafu na shehena ya kupita kiasi huua beringi pia.

Usukani nao huathirika vivyo hivyo. Gurudumu hugeuka kama mlango kwenye bawaba, na shimo la barabarani ni mkono unaousukuma. Karibu na bawaba mkono hutaabika. Penye kitasa kidole kimoja chatosha. Kila milimita ambayo gurudumu linatoka nje hulisogeza shimo karibu na kitasa.



Rimu isiyopigwa chapa ya ET hupimwa papo hapo dukani. Ilaze kifudifudi, weka ubao ulionyooka juu ya ukingo wa nyuma, kisha pima kwa futikamba kutoka ubao hadi uso wa rimu unaogusa habu. Toa nusu ya upana mzima wa rimu, ambao huzidi upana ulioandikwa kwa takriban inchi moja kwa sababu ya kingo zake. Rimu ya inchi 7 yenye kina cha milimita 130 ina ofseti ya takriban chanya 28. Ipime kwanza ile iliyokuja na gari, uende dukani na tarakimu hiyo mfukoni.