Voliumu ya amplifaya ya zamani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Amplifaya za Kijapani za miaka ya 1970, kama Pioneer, Sansui na Kenwood, bado zinapiga muziki majumbani. Ugonjwa wao mkubwa unajulikana: ukizungusha voliumu, spika zinakwaruza au upande mmoja unapotea. Inasikitisha kwamba ushauri mwingi wanaopewa wenye mashine hizi huharibu kifaa ambacho kingepona.

“Ikikwaruza imekufa, weka mpya.”

Mara nyingi si kweli. Ndani ya voliumu mna utepe wa kaboni uliopinda kama kwato la farasi, na juu yake inatembea ncha ya chuma. Ya stereo ina tepe mbili kwenye mhimili mmoja. Vumbi, moshi wa sigara na kutu vikiingia kati ya ncha na kaboni, mgusano unakatika, lakini kaboni yenyewe huwa nzima. Zima mashine, puliza kidogo dawa ya kusafishia migusano kwenye uwazi ulio karibu na miguu yake, kisha zungusha kifundo mwanzo hadi mwisho mara nyingi. Voliumu ya kubadilishwa ni ile ambayo kaboni yake imelika au kupasuka.

“Dawa yoyote ya kupuliza inafaa.”

WD-40 ya kawaida huacha mafuta yanayokusanya vumbi, na huosha grisi inayokipa kifundo ule uzito wake laini. Tumia dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya tepe za kaboni. CAIG wa Marekani, kwa mfano, wana DeoxIT kwa migusano ya chuma na nyingine, Fader, kwa kaboni.

“Ukishachomoa plagi, uko salama.”

Hapana. Kapasita kubwa za pawa, yaani vipuri vinavyohifadhi umeme, hubaki nao. Zipunguze umeme huo kwa kuunganisha miguu yake kwa resista (kipuri cha kuzuia umeme) ya kilo-omu 1 ya wati 5, usitumie bisibisi, na upime kwa testa hadi zibaki chini ya volti 2. Amplifaya ya valvu (zile taa za kioo), yenye volti 300 au 400, inaweza kuua. Mpe fundi anayezijua.

“Nimesafisha na bado inakwaruza, basi dawa ni feki.”

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na ndipo ningependa msomaji atulie. Kabla na baada ya voliumu kwa kawaida kuna kapasita ndogo ambazo kazi yake ni kupitisha muziki na kuzuia umeme wa DC, yaani usiobadili mwelekeo. Nyingi zimeshafikisha miaka 40 au 50, na zile za elektrolitiki, zenye majimaji ya kemikali ndani, huanza kuvuja umeme. DC ikifika kwenye kaboni, kila ncha inaporuka chembe ndogo tu, spika zinatoa mlipuko wa kelele. Hata voliumu mpya kabisa itakwaruza vilevile.

Pima. Washa mashine bila kupiga muziki, weka testa kwenye milivolti za DC, waya mweusi kwenye chasisi, mwekundu kwenye mguu mmoja mmoja wa voliumu, ukiwa mwangalifu usiunganishe miguu miwili. Namba iwe karibu na sifuri. Ukiona makumi ya milivolti, shuku kapasita. Badilisha kwa yenye mikrofaradi zilezile na volti zilezile au zaidi, na uangalie upande wa chanya na hasi.

Kama kelele zinaendelea hata kifundo kikiwa sifuri, chanzo kiko baada ya voliumu, labda ni relei ya spika (swichi ya ndani inayounganisha spika). Na muziki usipozimika kabisa ukifika sifuri, kagua mguu wa ardhi: huenda risasi yake ya kuchomelea imepasuka.

“Omu zikilingana, voliumu yoyote itafaa.”

Sikio halisikii kwa hesabu ya mstari ulionyooka, kwa hiyo voliumu za muziki hupanda polepole mwanzoni. Ukiiweka katikati na kupima kutoka ncha hadi ardhini, utapata takribani asilimia 10 hadi 15 ya omu zote. Ukipata 50, hiyo si ya kazi hii: sauti itajaa chumba ukigusa tu. Kwa Wajapani herufi A juu ya voliumu ni ya muziki na B ni ya mstari, ila kwenye vipuri vingine vya zamani vya Ulaya herufi hizo zimegeuzwa. Voliumu nyingi za amplifaya hizi pia zina mguu wa nne kila upande kwa ajili ya swichi ya loudness, ambayo hurudisha besi kwenye sauti ya chini. Dukani utapata za miguu mitatu, na swichi hiyo itabaki pambo. Ndiyo maana nasisitiza kuiokoa ya awali.

“Kifundo kikiwa saa sita, alama ikielekea juu, ndiyo nusu ya nguvu.”

Inategemea unachoingiza. Amplifaya hizo nyingi hufikia nguvu zote kwa takribani milivolti 150, ilhali CD hutoa volti 2. Ndiyo maana huwezi kuvuka saa tatu, alama ikielekea kushoto, na mwanzoni hapo ndipo tepe mbili hutofautiana zaidi, upande mmoja ukawa juu. Voliumu haina kosa. Punguza sauti kwenye chanzo, au weka resista ya kilo-omu 10 njiani na ya kilo-omu 1 kwenda ardhini, kila upande, kisha usikilize tena kabla ya kununua chochote.