Je, wajua kwa nini mnunuzi ndiye anayehimizwa kudai risiti?

"Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti." Wito huu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania tumeusikia mpaka masikio yameuzoea, na hatujiulizi tena ile nusu ya pili inatafuta nini. Mwenye mashine ya kutoa risiti ni muuzaji. Aliyesajiliwa na anayepeleka kodi ni yeye huyo huyo. Iweje basi mteja, aliyekuja kununua begi la mtoto na kuondoka zake, naye apewe kazi ya kudai karatasi?

Nafundisha uraia kidato cha tatu, na mada ya kodi naianzia kwenye swali hilo. Somo lenyewe hufundishwa kwa Kiingereza, lakini hapo naomba tuzungumze Kiswahili, maana tunaingia dukani, na dukani watu wanapatana bei kwa Kiswahili. Natoa risiti ya begi la shule, nailaza kwenye dawati la mbele, wanafunzi wanaizunguka. Wino wake hufifia upesi, kwa hiyo huwa naitoa nakala kabla haijawa karatasi nyeupe.

Juu kabisa kuna jina la duka, namba ya mlipakodi, tarehe na saa. Katikati kuna begi moja, shilingi 29,500, na pembeni ya bei herufi A, alama ya bidhaa inayotozwa kiwango cha kawaida cha kodi. Chini yake kiasi kimegawanywa: 25,000 kabla ya kodi, 4,500 kodi, jumla 29,500. Mwisho kuna namba ya uhakiki na ule mraba wa vidoadoa ambao ukiupiga kwa simu unakuonyesha kama risiti ni halali.

Kabla ya kuwaonyesha mgawanyo huo, nawaambia tu bei na kwamba kodi ni asilimia 18, kisha watafute kodi. Wengi hupiga 18 kwa mia ya 29,500 wakapata 5,310. Kosa hili linastahili kusimamiwa kidogo. Ile 29,500 tayari imebeba kodi ndani yake, ni sawa na 118 kwa mia ya bei kabla ya kodi. Unagawanya kwa 118, unazidisha kwa 18, unapata 4,500. Mtu mzima asiyelijua hili akikuta "punguzo la asilimia 18" dukani hudhani amesamehewa kodi tu, kumbe amepunguziwa zaidi ya kodi.

Sasa tufuate hiyo 4,500 inakotoka. Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT kama tunavyoiita mitaani, ilianza Tanzania Bara Julai 1998 kwa asilimia 20, ikashushwa hadi 18 mwaka 2009. Jina lake linaeleza inavyofanya kazi, ila watu hulipita haraka. Tuseme mwagizaji anamuuzia mfanyabiashara wa jumla begi kwa 15,000, na juu yake kodi 2,700. Wa jumla analiuza kwa mwenye duka 20,000 na kodi 3,600. Hapeleki serikalini 3,600 yote. Anatoa ile 2,700 aliyokwisha kuilipa, anapeleka 900. Mwenye duka analiuza kwako 25,000 na kodi 4,500, anatoa 3,600, anapeleka 900. Jumlisha: 2,700 na 900 na 900 ni 4,500, ile ile iliyo kwenye risiti yako. Kila mmoja amepeleka asilimia 18 ya thamani aliyoiongeza yeye, na mzigo wote umeishia kwako.

Tazama sasa nani anahitaji risiti. Wa jumla anaihitaji ya mwagizaji, vinginevyo hawezi kukata ile 2,700. Mwenye duka anaihitaji ya wa jumla kwa sababu hiyo hiyo. Wanachungana wao kwa wao bila polisi. Mnyororo unafika kwako na hapo unakatika, kwa kuwa wewe huna pa kukatia chochote. Begi unakwenda kulitumia, huliuzi tena. Risiti kwako haina faida ya kikodi hata senti moja. Ndiyo maana unahimizwa wewe, na ndiyo maana sheria imefanya kutokudai risiti kuwa kosa la mnunuzi pia. Mfumo mzima umeegemea mtu pekee asiye na sababu ya kuujali.

Kila aliyenunua kitu cha maana Kariakoo anaijua sentensi inayofuata: "Unataka risiti? Bei ya risiti ni nyingine." Begi la 29,500 linakuwa 26,000. Hapa nawapa wanafunzi kalamu, wasaidiane wawili wawili: nani amepata, nani amepoteza?

Wewe umeokoa 3,500. Mwenye duka angeuza kihalali angebaki na 25,000 yake, sasa ana 26,000. Kama hakuandika mauzo haya na bado akaitumia risiti ya wa jumla kukata 3,600 kwenye kodi ya bidhaa nyingine, basi zile 2,700 na 900 zilizokwisha kuingia Hazina zimetoka tena kwa mlango wa nyuma. Katika begi hilo serikali imebaki na sifuri. Si kwamba imekosa 900 ya mwisho tu, imekosa 4,500 yote. Wanafunzi hunyamaza wakifika hapo, halafu huuliza swali lile lile: "Sasa mwalimu, kama wote wawili wamefaidika, nani atakataa?" Hilo ni swali la uchumi hasa, na naliheshimu. Siwajibu kwa mahubiri ya uzalendo. Nawaambia waendelee kuhesabu: begi likikatika zipu siku ya tatu, aliyelipa 26,000 atarudi dukani na nini mkononi?

Wengine huuliza zaidi: kwa nini nimpe serikali pesa yangu wakati darasani tunakaa watatu dawati moja? Hapo ndipo uraia unapoanza kwa kweli. Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Ile A iliyo pembeni ya bei ilipitia Dodoma. Bajeti husomwa Juni, mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na chini ya Ibara ya 143 Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anakagua fedha hizo zilivyotumika, ripoti yake inamfikia Rais na kisha kuwekwa mezani Bungeni. Mwanafunzi wa miaka 16 hana kura, kura inaanzia miaka 18, lakini kodi ameshaanza kuilipa kwenye soda na kalamu. Kwa maoni yangu hilo linampa haki ya kuuliza dawati liko wapi, na aulize kwa kujua anachouliza: fungu lilitengwa kiasi gani, lilifika, mkaguzi alisema nini.

Baada ya hapo wanapewa kazi ya nyumbani. Kwa wiki mbili wakusanye risiti zote za nyumbani, wazibandike kwenye daftari kwa tarehe, kwa ruhusa ya wazazi, na anayetaka kuficha kiasi afiche. Kazi hii inaonekana nyepesi mpaka wanapogundua risiti ni chache mno. Ya mafuta ya gari kwa aliye na gari, ya duka la dawa, ya supamaketi pengine. Nyanya za 1,000, mchicha wa 500, mafuta ya kula ya kupimia, nauli ya bodaboda na ya daladala, vyote vimepita bila karatasi.

Wengine hudhani mama wa genge anakwepa kodi. Hapana. Mazao ya chakula yasiyosindikwa yamesamehewa VAT, na kujisajili kwa VAT kunamlazimu mwenye mauzo yanayofikia shilingi milioni 200 kwa mwaka. Mama wa genge hayuko karibu na huko. Lakini kwa anayepanga matumizi ya nyumbani tatizo linabaki pale pale: pesa inayotoka kidogo kidogo kila siku ndiyo isiyoacha alama, na mwisho wa mwezi ndiyo inayoleta lile swali la "hela imekwenda wapi?"

Kwa hiyo wiki ya pili tunabadilisha zoezi. Ukurasa wa kushoto unabandikwa risiti, wa kulia unaandikwa kwa mkono kila kilichonunuliwa bila risiti, siku hiyo hiyo kabla ya kulala, hata kama ni vocha ya 500. Jumamosi wanajumlisha kurasa zote mbili, na mzazi anayependa anakaa naye mezani wahesabu pamoja.