Tujuane majina kabla ya kushika kisu

Kabla ngozi ya mgonjwa haijapasuliwa, kila aliyemo thieta anatakiwa kutaja jina lake na kazi yake: mpasuaji, mtoa dawa za usingizi, muuguzi, hata mhudumu aliyeingia zamu hiyohiyo. Ni kipengele kimojawapo kati ya 19 vya orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani.

Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, Ifakara ya Tanzania ikiwemo. Matokeo yaliyotangazwa Januari 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha ina mengi, ikiwemo kutoa antibiotiki kwa wakati na kuhesabu vifaa. Ila mimi, niliyefanya kazi thieta kwa miaka mingi, najua kuhesabu hakusaidii kitu kama aliyehesabu anaogopa kusema.

Nilipokuwa mgeni katika hospitali moja, nilihesabu vitambaa vya kufutia damu, kimoja hakionekani. Nikarudia mara tatu. Mpasuaji alikwishashika sindano afunge tumbo. Hakunijua hata kwa jina, nami nilichokijua kwake ni ukali wake tu. Nikameza mate, nikanyamaza. Aliyeokoa jahazi ni sista mmoja mkongwe, aliyezoeana na mpasuaji huyo tangu zamani: "Dokta, subiri kidogo, hesabu haijatimia." Daktari akasimama palepale. Kitambaa kilikuwa nyuma ya utumbo.

Maneno yale hata mimi nilikuwa nayo mdomoni. Sista alinizidi mazoea na yule daktari, basi. Na mazoea hayo hayakujengwa siku ya semina, yalijengwa kwenye chai ya saa nne, kwenye kupeana pole msibani, kwenye kuulizana "mtoto ameamkaje?" wakati wa kukabidhiana zamu. Wakuu wa idara wanaoona hayo ni kupoteza muda wa kazi wanakosea sana.

Kwa hiyo tunapofundisha, tunasisitiza mkubwa ndiye aanze. Mdogo hawezi kumzoea bosi ambaye hajamfungulia mlango. Bingwa aseme jina lake kwanza, kisha amgeukie mgeni wa zamu: "Nawe unaitwa nani? Ukiona kitu hakijakaa sawa, nistue." Hazipiti sekunde 10, na mgonjwa bado hajapasuliwa.