Kabla hujatia sahihi fomu ya ufadhili

Ninakaa Columbus, jimbo la Ohio, Marekani. Kazi yangu ni kuketi na wazazi wanaozungumza Kiswahili, wengi wao Wakongo waliopitia kambini, kwenye vikao vya shule vya watoto wenye ulemavu. Swali halikauki: "Ndugu, ni kweli serikali inalipia shule ya binafsi? Tusaini wapi?"

Ni kweli. Ohio ilianza na watoto wenye usonji mwaka 2003, kisha sheria ya 2011 ikaleta ufadhili uitwao Jon Peterson kwa ulemavu wa aina nyingine. Kipato chako hakiangaliwi. Kinachotakiwa ni IEP, ule mpango wa maandishi ambao wilaya ya shule, yaani mamlaka ya shule za umma za eneo lenu, humwandikia kila mtoto wa elimu maalumu. Kiasi hutegemea kundi la ulemavu, na makundi ni sita: mwenye tatizo la usemi tu yuko la kwanza, mwenye usonji la sita. Ada ikizidi ufadhili, nyongeza ni juu yako.

Sasa lile ambalo tangazo la shule halikuambii. Tangu 1975, Rais Gerald Ford alipotia sahihi sheria ambayo leo huitwa IDEA, mtoto mwenye ulemavu anaidai shule ya umma elimu ya bure inayomfaa. Anaidai, haombi. Wakimnyima tiba ya usemi iliyoandikwa kwenye IEP, mzazi anaweza kuwashtaki, na nimeona wilaya ikilegea kwa kusikia neno hilo tu. Ukichukua ufadhili, deni hilo linafutika. Wilaya itaendelea kuandika IEP, lakini haitawajibika tena kumpa mtoto elimu hiyo, hadi umrudishe. Shule ya binafsi nayo ina hiari ya kutompokea. Hata ile sheria kubwa ya 1990 inayokataza kuwabagua watu wenye ulemavu imeziacha nje shule za dini, ambazo huku ni nyingi.

Sisemi usichukue. Nimeona mtoto aliyekuwa akijificha chini ya meza katika darasa la kelele akaanza kusoma alipopata chumba cha wanafunzi wachache. Ila wenzetu wengi wanasikia "bure" wakadhani ni nyongeza juu ya haki waliyonayo, kumbe ni badala yake. Hilo linanikera, maana mkalimani wa simu huitafsiri fomu nzima kwa dakika tano.

Mama mmoja nilimwomba aende kwanza kwenye shule aliyoipenda, aulize jambo moja: mtaalamu wa usemi yupo siku ngapi kwa wiki? Alirudi na jibu: anakuja Alhamisi mbili kwa mwezi. IEP ya mwanawe ilisema mara mbili kwa wiki. Fomu bado iko kwenye mkoba wake, haijajazwa.