Usikivu wa Redio Dodoma: Kabla Hujaomba AM au Wati Zaidi

Malalamiko kuhusu usikivu hafifu wa redio mkoani Dodoma yameongezeka, na safari hii yanakuja na ombi: watu wanataka AM, yaani matangazo ya masafa ya kati, irudi. Hoja yao inaeleweka. Wazee wanaikumbuka Radio Tanzania ya masafa ya kati, iliyosikika mbali kwa redio ya betri, wakati leo kituo cha FM cha mjini huanza kukwaruza gari likikaribia Bahi. Baadhi ya wawekezaji nao wameiona fursa: mnara mmoja, mkoa mzima.

Kinachosahaulika ni kwamba usikivu na aina ya vipindi ni uamuzi mmoja. Ukishachagua masafa, umeshachagua kwa kiasi kikubwa utatangaza nini na nani atakusikiliza. Leseni nayo inakufunga kwa yote mawili.

Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Antena ikiwa mita 100 juu ya ardhi tambarare, upeo wake ni kilomita 40 na kidogo, kisha umbo la dunia linaanza kuyakinga. Kondoa iko zaidi ya kilomita 150 kwa barabara, na Mpwapwa imekaa chini ya milima. Kuongeza wati hakuhamishi mlima. Hata pasipo na mlima, ukitoka kilowati moja kwenda mbili, nguvu ya mawimbi yanayomfikia msikilizaji huongezeka kwa takriban asilimia 41 tu, si maradufu. Kupandisha antena juu zaidi mara nyingi kunasaidia kuliko kununua mtambo mkubwa. Sisi wa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), tunaogawa masafa na leseni, tumelisema hili mara nyingi, na bado tunaletewa maombi ya wati.

AM ni kweli inafika mbali zaidi, kwa kuwa mawimbi yake mchana hutambaa juu ya ardhi. Ila yanategemea ardhi yenyewe. Udongo wenye unyevu na chumvichumvi huyapitisha vizuri. Kichanga kikavu na mawe, ambavyo Dodoma tumejaliwa tele, huyameza. Kwa hiyo anayechora duara kwenye ramani na kusema "hapa pote ni pangu" anajidanganya. Usiku hali inageuka tena: tabaka la anga linaloyafyonza mchana hutoweka, na mawimbi ya vituo vya mbali, hata vya nchi nyingine, huakisiwa na kushuka juu ya chako. Ndiyo maana masafa ya kati hupangwa kwa makubaliano ya kimataifa, ukiwemo mpango wa Geneva wa mwaka 1975, na hatuwezi kumgawia mtu kwa kuwa tu "hapo pako kimya".

Gharama nazo zina uzito wake. Kwa kilohezi 600, mnara wa AM wenye kimo cha robo ya urefu wa wimbi unafika mita 125, na chini yake hufukiwa nyaya nyingi za shaba kuuzunguka pande zote. Shaba inahitaji mlinzi usiku na mchana.

Sasa tuje kwenye vipindi. Kwenye AM kila kituo hupewa nafasi ya kilohezi 9, kwa hiyo muziki unasikika umebanwa, sauti zake nyembamba za juu zimefifia. Sauti ya mtu akizungumza inapita vizuri. Bongo Fleva ya kijana wa Area D haitamfikia kama anavyoizoea, tena simu yake haina kabisa AM. Anayefikiria masafa hayo ajipange kwa habari, mpira, mahubiri, ushauri wa alizeti na zabibu, bei ya mahindi ya soko la Kibaigwa. Hivyo vina wasikilizaji wa kweli, na binafsi naviona vimepuuzwa mno na vituo vya mjini. Ila ajue mtangazaji biashara wake atatoka wapi kabla hajasimamisha mnara. Wanaotaka kutumia Kigogo au Kirangi nao wakumbuke: lugha za utangazaji ni Kiswahili na Kiingereza, na lugha nyingine inahitaji idhini ya Mamlaka kwanza.

Leseni ya maudhui hutolewa kwa eneo maalumu, iwe wilaya, mkoa au taifa, na kwa aina ya huduma uliyoombea, ya kibiashara au isiyo ya kibiashara. Masafa yana leseni yake. Kuhamisha mnara, kubadili antena, kuongeza nguvu au kugeuza kituo cha jamii kuwa cha biashara bila kibali ni ukiukaji wa masharti, hata kama mtambo ni wako na kiwanja ni chako. Kwa upande wa maudhui, Kamati ya Maudhui ya Mamlaka humsikiliza mtoa huduma kisha inaweza kutoa onyo, kuagiza aombe radhi, kutoza faini au kusimamisha matangazo. Kurusha matangazo bila leseni ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. "Tulikuwa tunajaribu mitambo tu" si utetezi. Majaribio nayo yanaombewa kibali.

Na dai kwamba Mamlaka hupunguza mawimbi ya kituo ili kukipendelea kingine lisirudiwe tena kwenye mikutano: haifanyi hivyo. Kijiji ambacho hakuna mwekezaji anayetaka kukifikia, njia yake ni Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao umeshagharimia upanuzi wa usikivu wa TBC katika wilaya mbalimbali. Pitisheni ombi kupitia halmashauri.

Unapolalamika, anza na kituo chenyewe. Kisiposhughulikia, andikia Mamlaka ukitaja kijiji, tarehe, saa, masafa na aina ya redio. "Haishiki huku kwetu" haitupi pa kuanzia. Na kabla ya kuandika, zima taa za LED, chaja na inveta ya sola zilizo karibu, maana hizo hukoroma sana kwenye AM. Kisha geuza redio yenyewe polepole. Antena ya kuvuta ni ya FM. Ya AM imo ndani, kijiti cheusi kilichozungushiwa waya, na hupokea vizuri kikiwa kimeupa mnara ubavu.